Vikwembe vinne, fungu moja



Tangu tulipozungumza hapa juu ya mabaki ya vitambaa yanayofagiliwa kila jioni kwa mafundi wa kushona, ulizo linalotufikia ni moja: mfuko umejaa vipande, sasa tuvifanye nini? Wengine wameanza kushona kiraka juu ya kiraka, kila kimoja na kipimo chake, na baada ya majuma matatu wana kitu kisicholala sawa hata juu ya meza. Juma hili tuongee juu ya njia nyingine: kupanga vitambaa kwa tabaka, kuvikata pamoja, kuvichanganya, kisha kuvishona viwe kifuniko cha kitanda. Njia hii inafaa kikundi chenye makasi moja nzuri na mashine moja. Lakini kuna jambo ambalo lazima liamuliwe kabla ya makasi kupita, na ni kwa ajili ya jambo hilo tunaandika kirefu leo.

Kwanza kazi yenyewe.

Tunaanza na miraba ya sentimita 25 kwa 25. Chukua kartoni ngumu, ile ya sabuni inafaa, chora mraba huo kwa rula, hakikisha kila pembe kwa kuweka juu yake pembe ya daftari, kisha kata. Kartoni hiyo ndiyo kipimo cha wote. Asiwepo wa kupima kwa jicho, hata kama ameshona miaka ishirini. Kifuniko cha mtoto kinataka miraba 24. Ikiwa wamama ni wanne, kila mmoja alete miraba 6 ya kitambaa chake.

Kabla ya kukata, fueni. Kikwembe kipya kimetoka kiwandani na wanga wake, na maji ya kwanza yanaweza kukipunguza. Tena rangi nyekundu na buluu ya giza hupenda kutoka: lowesha kona ya kitambaa, ikandamize juu ya kitambaa cheupe, uone. Ikiacha alama, fua tena na tena mpaka ikome, la sivyo itachafua kazi ya wenzako watatu. Kitambaa kikikauka, kipitishe katika maji ya wanga wa mihogo yaliyo mepesi kabisa, kisha piga pasi. Tunajua makaa ni ghali. Lakini vitambaa laini vikipangwa vinne vinateleza, na makasi ikipita, kile cha chini kinatoka kimepinda.

Sasa fungu. Weka mraba mmoja wa kila mama, mmoja juu ya mwingine, kingo zikutane: tabaka 4. Usipange ovyo. Juu weka rangi ya giza, tuseme buluu. Chini yake rangi ya mwanga, tuseme njano. Kisha ya giza tena, kahawia. Mwisho ya mwanga, nyeupe yenye maua. Giza, mwanga, giza, mwanga. Sababu yake mtaiona muda si mrefu. Funga pembe nne kwa pini, na pini nyingine katikati.

Juu ya tabaka la kwanza chora kwa chaki mstari kutoka juu hadi chini, usiwe wima kabisa: uanze sentimita 11 kutoka kushoto na kuishia sentimita 14. Kisha upande wa kushoto chora mstari wa kulala, na upande wa kulia mwingine, ila isikutane mahali pamoja; mmoja uwe juu zaidi, mwingine chini zaidi. Mna vipande 4. Viandikeni namba kwa kuzunguka kama saa: 1 juu kushoto, 2 juu kulia, 3 chini kulia, 4 chini kushoto.

Kateni. Ule ulimi wa chini wa makasi ukae juu ya meza, fungu lisinyanyuliwe. Makasi ya fundi iliyonolewa inapita tabaka 4 za kikwembe bila taabu. Tabaka 6 zinataka mkono wenye nguvu. Kwa 8 tunasema hapana: za chini zinakimbia, na kosa la sentimita moja juu linakuwa kosa la fungu zima. Ndiyo hasara ya njia hii. Anayekata peke yake akikosea ameharibu kipande kimoja. Hapa ameharibu vinne, na vitatu si vyake.

Baada ya kukata mna marundo 4, kila moja na tabaka 4. Rundo la 1 liacheni lilivyo. Rundo la 2, toeni kipande cha juu kimoja, mkiweke chini. Rundo la 3, toeni viwili vya juu, viende chini. Rundo la 4, toeni vitatu. Basi. Tazameni sasa vipande vilivyo juu: 1 ni buluu, 2 ni njano, 3 ni kahawia, 4 ni nyeupe. Viondoeni, mtaona tabaka la pili: njano, kahawia, nyeupe, buluu. Na hivyo hivyo mpaka mwisho. Kila mraba una vitambaa vyote vinne, hakuna uliorudia, na popote giza linakaa karibu na mwanga, isipokuwa pale katikati zinapogusana kidogo. Ndiyo maana tulipanga vile.

Sisi tunaofundisha darasa la tano tunapenda sana hatua hii. Chukueni karatasi nne za rangi tofauti, mkate na watoto kama ilivyoelezwa, wahamishe wenyewe. Mtoto aliyekuwa analia mbele ya hesabu atawaambia kabla yenu kwamba fungu linahitaji angalau tabaka nyingi kama vipande: mkikata vipande 5, lazima vitambaa 5, la sivyo kimoja kitajirudia. Hata wamama tunawashauri waanze na karatasi. Karatasi haina mwenyewe.

Kushona kunakwenda kwa kurudi nyuma: kilichokatwa mwisho kinashonwa kwanza. Kipande cha 1 na cha 4 vinaungana, cha 2 na cha 3 vinaungana, kisha kushoto na kulia. Nafasi ya mshono iwe milimita 7 na nusu, karibu upana wa ukingo wa mguu wa mashine. Msivute. Mahali palipokatwa mshazari kitambaa kinanyumbuka kama mpira, na mraba uliovutwa utasimama kama bakuli. Asiye na mashine, au umeme umekatika na mashine ni ya moto, mkono unatosha, kwa hatua ndogo ndogo.

Hapa wengi wanashtuka. Mraba wa 25 ukishonwa unabaki na 23 na nusu, na kwa kuwa kingo hazikutani sawa tunausawazisha kwa kartoni ya pili ya sentimita 23. Ukiungana na wenzake unabaki 21 na nusu. Miraba 4 kwa upana ni sentimita 86, miraba 6 kwa urefu ni 129. Mlianza na sentimita za mraba 15,000, mmemaliza na 11,000 na kidogo. Zaidi ya robo imemezwa na mishono. Anayeuza kifuniko akihesabu kitambaa kinachoonekana tu, amekwisha kupoteza.

Neno juu ya kuchagua. Kila nyumba ya Bukavu ina mabaki ya vikwembe vya tarehe 8 Machi, vya kwaya, vya ndoa ya fulani. Ni vizuri, lakini wamama wanne wa kwaya moja wakileta kitambaa cha kwaya, wakakata, wakahamisha, wakashona, watapata kitambaa cha kwaya chenye mishono mingi. Leteni tofauti. Na vile vyenye sura za watu, angalieni makasi inapita wapi. Tumemwona mama mmoja aliyeinua mkono kabisa kwa sababu mstari ulipita kwenye shingo ya Bikira Maria. Alikuwa na haki. Wanasiasa wa vikwembe vya uchaguzi, kwao hatujasikia mtu akilalamika.

Basi, jambo lenyewe.

Katika kushona kwa kawaida, kiraka chako ni kiraka chako. Ukitoka katika kikundi unakivuta na unakwenda. Katika njia hii, makasi ikipita na marundo yakihamishwa, kitambaa chako kiko katika kila mraba, na katika mraba wako kuna vya wengine. Hakuna anayeweza kurudisha chake bila kubomoa cha wote. Hilo ndilo linalopendeza, na hilo ndilo linaloleta maneno.

Tunajua kikundi kimoja, hatutakitaja, walikuwa wanne hivyo hivyo. Waliunga miraba yote 24, kazi nzuri sana. Kisha mmoja akahama na mume wake. Akaomba sehemu yake. Wengine wakasema, sehemu gani, tukate tena? Yeye akasema uziwe, apewe robo. Mwenye mashine akasema hapana, robo kwa nani, mimi nimeshona yote usiku. Wa tatu hakusema kitu, akalia, kwa sababu kitambaa alicholeta kilikuwa kikwembe cha mama yake marehemu, na hakutaka kiuzwe sokoni Kadutu hata siku moja. Alifikiri kifuniko kitabaki katika kikundi kwa ajili ya mzazi yeyote atakayejifungua. Wote walikuwa wakisema kweli. Hawakuwahi kuulizana. Kile kitu kimekunjwa katika mfuko nyumbani kwa mama mmoja, bado hakina hata kitambaa cha mgongo, na wawili kati yao wakikutana njiani hawasalimiani.

Si kwetu tu. Huko Marekani, katika jimbo la Alabama, kuna mahali panaitwa Gee's Bend, penye wamama weusi, wajukuu na vitukuu vya watumwa. Kwa vizazi vingi walishona vifuniko vya viraka kutoka nguo za shamba zilizochakaa, ili watoto wasilale na baridi. Mwaka 1966 wamama wa eneo lile walianzisha shirika lao la kushona na kuuza, Freedom Quilting Bee. Mwaka 2002 vifuniko vya Gee's Bend vilitundikwa katika jumba la makumbusho la Houston, kisha New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikavichapa kwenye stempu. Heshima kubwa. Lakini mwaka 2007 baadhi ya washonaji walikwenda mahakamani juu ya haki na malipo yao, na kesi ikamalizika kwa mapatano mwaka uliofuata. Kama wale wenye jina duniani walifika kwa hakimu, sisi wa mashine moja tusiseme tutaelewana tu kwa kuwa ni marafiki.

Kwa hiyo daftari lifunguliwe kabla ya makasi. Iandikwe: nani ameleta miraba mingapi, nani ameleta shuka la mgongo na blanketi kuukuu la kuweka katikati, nani ametoa uzi. Iandikwe kifuniko kinakwenda wapi: kuuzwa, zawadi, au zamu kama likelemba, cha kwanza kwa huyu, cha pili kwa yule mpaka wote wapate. Na iandikwe, kwa wazi, anayetoka katikati anapewa nini. Maoni yetu: apewe thamani ya miraba yake na saa zake kwa pesa, kifuniko kikiuzwa, kitambaa chenyewe asidai, kwa sababu hakipo tena.

Juu ya kazi, msikadirie, hesabuni. Kila mraba una mishono 3. Miraba 24 ni mishono 72. Kuunga miraba minne katika mstari ni mishono 3, mistari 6, jumla 18. Kuunga mistari ni mishono mirefu 5. Yote 95. Bado mgongo na ukingo. Ikiwa mama mmoja ameshona 95 na wengine watatu wamekata na kupiga pasi kwa siku moja, robo kwa kila mtu si haki, hata kama vitambaa vilikuwa sawa. Kuna vikundi vinavyosema mashine ni mchango wa upendo na isihesabiwe. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao: sindano zinavunjika, mkanda unakatika, na mwenye mashine ndiye anayekwenda kwa fundi. Alipwe kwanza kwa kila mraba uliounganishwa, kinachobaki kigawanywe.

Na kikwembe cha marehemu kisiingie katika fungu la kikundi, hata mwenyewe akisema hana shida. Siku hiyo hana shida. Kuna mahali pazuri zaidi pa kukipeleka.

Mama akifa, mnajua vikwembe vyake vinavyogawanywa. Yule mkubwa anataka olandé, mdogo naye anataka ile ile kwa sababu mama aliivaa siku ya ubatizo wake, na shangazi ameketi pembeni anahesabu. Tuseme mabinti ni wanne na vikwembe vizuri vilivyobaki ni vinne, kila kimoja yadi 2. Kila kikwembe, tulivyoona, kinatoa miraba 28. Tupeni 4 za mahali palipochakaa, zinabaki 24. Mara vikwembe vinne ni miraba 96. Ni mafungu 24 ya tabaka nne. Kateni, hamisheni, shoneni: mnapata miraba 96, kila mmoja na vikwembe vyote vinne vya mama. Gawanyeni kwa mabinti wanne, kila mmoja 24, kifuniko kimoja kamili. Hakuna aliyepata olandé na hakuna aliyeikosa. Mabinti wakiwa watatu, 32 kila mmoja, kifuniko cha 4 kwa 8, kirefu zaidi. Wakiwa watano hesabu inakataa, 19 kila mmoja na mmoja unabaki. Mpeni shangazi ule mmoja, ashonee mto.

Lakini waulizeni wakubwa kwanza. Kwa wengine kukata nguo ya mfu ni kosa, au lazima kilio kiishe kwanza, na hata binti mmoja akikataa, makasi ibaki mezani. Mwacheni achukue kikwembe chake kizima, wengine waendelee na vitatu, wakate vipande vitatu.

Vile vipande virefu vya sentimita 15 vinavyobaki pembeni mwa kila kikwembe msivitupe. Ndivyo vya kufungia ukingo wa kifuniko: kateni vya upana wa sentimita 6, mkunje mara mbili, mshone juu na chini. Blanketi la katikati lishikwe na mgongo kwa fundo la uzi mzito kila pembe ya miraba minne inapokutana, la sivyo fua ya kwanza italikusanya lote miguuni.

Wanaotaka kujaribu pamoja waje na karatasi nne za rangi, rula, na kartoni moja kila wawili. Vitambaa viacheni nyumbani mara hii. Makasi, mmoja wenu alete, iwe imenolewa.